KAZI ZA MIKONO: Bangili ya kuhesabia mistari

Leo tuongee juu ya kupotewa na hesabu. Unafuma mkono wa sweta, mtoto analia, mara unaitwa bombani zamu yako imefika. Ukirudi hujui ulikuwa mstari wa 34 au wa 36. Mwisho wake mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi, mteja anakataa. Kufumua nako kunachakaza uzi, na uzi ni pesa.

Dawa ni shanga. Tasbihi ina shanga 33 au 99, rozari ina makumi matano. Vidole vinahesabu, huna haja ya kukumbuka. Bangili hii ni vilevile.

Vitu vya kutafuta: shanga 9 nyeupe na 9 nyekundu, ukubwa wa punje ya mtama, kifungo kimoja, uzi imara wa sentimita 80, uliosuguliwa na mshumaa. Tundu la ushanga lipitishe uzi mara mbili kwa kubana.

Namna ya kutengeneza:
1. Kunja uzi katikati, funga fundo, acha kitanzi cha kuingia kifungo.
2. Chukua ushanga mwekundu. Ncha moja ya uzi ipite kutoka kulia, nyingine kutoka kushoto, katika tundu lilelile. Vuta. Ushanga utabaki pale unapousukuma. Fanya hivyo kwa zote 9.
3. Acha nafasi ya vidole viwili, funga fundo.
4. Weka nyeupe 9 namna ileile, acha nafasi tena, funga fundo, kaza kifungo.

Kila ukimaliza mstari, sukuma nyeupe moja. Ukimaliza mstari wa 10, rudisha nyeupe zote na usukume nyekundu moja. Nyekundu 3 na nyeupe 4 ni mstari wa 34. Inafika mpaka 99.

Na mama ambaye hakusoma je? Atengeneze bangili mbili. Mkono wa kwanza wa sweta ukiisha, ile bangili asiiguse tena. Mkono wa pili ahesabu kwa bangili nyingine mpaka zote mbili zifanane. Hapo hakuna kalamu wala daftari, na hata taa ikizimika, vidole vinajua.

Wale wa kroshia, kwenu alama ni pini ya kufunga yenye ushanga mmoja. Ichomeke pale mzunguko unapoanzia. Msitumie pete isiyofunguka, itafumiwa ndani na hamtaweza kuitoa.

Jamani, shanga ni hatari kwa watoto wadogo, zinakaba koo. Ukiweka kazi chini, bangili itundike juu.

Haya, kazi njema, tuonane mwezi ujao!