MIKOKO HAILINDWI NA KIBARUA WA KUTWA



Siku hizi matajiri wa pwani yetu husema sana habari za kutunza mazingira. Miche ya mikoko hupandwa, picha hupigwa, nasi hupewa kofia. Hatukatai. Mikoko ni mazalio ya samaki na kamba, na jamaa zetu wa Ngomeni na Gongoni hupata kitoweo humo. Lakini twauliza: wageni wakiisha ondoka, ni nani atakayeilinda miche hiyo?

Mwaka 2005 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara juu ya viwanda vya chumvi vya Magarini, na taarifa ikatoka mwaka 2006. Wanakijiji walilalamikia ardhi, mikoko iliyokatwa na visima vilivyoingia chumvi. Wafanya kazi walilalamikia ujira, na kukosa viatu na glavu. Tazameni basi: malalamiko ya bahari na malalamiko ya mikono yetu yalifika mbele ya meza moja.

Sababu yake si ngumu. Ajuaye ukuta upi wa dimbwi unavuja ni yule ashindaye juani akipara chumvi, si karani wa ofisini. Lakini kibarua wa kutwa akisema ukuta unavuja, aogopa kesho jina lake halitaitwa langoni. Basi hunyamaza. Kampuni hupoteza akili ambayo ingeipata kwake, na kijiji hupoteza maji ya kunywa.

Wako wenzetu wasemao, "Kazi kwanza, mikoko baadaye." Twawajibu: mshahara ukiisha kununua maji ya mtungi na samaki wa mbali, umebaki nini?

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama penye wafanya kazi 20 au zaidi, na vifaa vya kujikinga vitolewe na mwajiri. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku za kutimia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Katiba ya 2010 yatupa haki ya mazingira safi.

Kwa hiyo twataka mambo matatu:

1. Kibarua aliyetimiza muda wake aandikwe.

2. Wajumbe wetu katika kamati tuwachague wenyewe, na habari za maji, taka na mikoko zizungumzwe humo.

3. Mwenye wazo jema la kupunguza hasara asikilizwe, na alipwe.

Kabla ya kupanda mche mwingine, waajiri na waandike kwanza jina la mtu atakayeulinda.

UMOJA NI NGUVU.