Kabla ya Kuipenda Turbo ya Kijerumani, Uliza Habari za Oili

SAFU YA BARABARANI, na Msafiri

Anayepita kwenye yadi za magari za Ngong Road, Nairobi, hakosi kukuta BMW 320i imeegeshwa bega kwa bega na Toyota Mark X, bei zikikaribiana. Mnunuzi akiona hivyo, moyo humwenda mbio. Kwa pesa za Toyota anapata viti vya ngozi, mlango unaojifunga kwa mlio mzito, na nembo ya buluu na nyeupe ambayo jirani ataitambua kutoka mbali. Bei hiyo haikuja kwa bahati. Huko Japani, ambako sehemu kubwa ya magari haya hutoka, gari dogo la kifahari la Kijerumani hushuka thamani haraka kuliko Toyota. Tena ukaguzi wa lazima uitwao shaken, unaofanywa mwaka wa tatu na kisha kila baada ya miaka miwili, huwafanya wengi wauze kabla ya kulipia matengenezo makubwa. Matengenezo hayo hupanda meli pamoja na gari.

Hata hivyo, turbo ya magari hayo ya Kijerumani ina sababu ya kweli ya kupendwa katika nchi zetu, na sababu hiyo ni mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Mark X ya lita 2.5 ikitoka Mombasa hufika Nairobi ikiwa imepungukiwa na karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Turbo huisindilia hewa ndani ya silinda, kwa hiyo pengo hilo huzibwa kwa kiasi kikubwa. BMW 320i ya kizazi cha F30, yenye lita 2.0 tu, ina nguvu za farasi 184, na nguvu zake zote za kuvuta hupatikana tangu injini ikiwa kwenye mizunguko 1,250 kwa dakika. Anayepanda miinuko ya Timboroa, Kenya, au Kitonga, Tanzania, na gari lililojaa watu na mizigo huiona tofauti hiyo bila kuelezwa.

Kodi nayo inaisukuma mikono ya wanunuzi upande huohuo. Kenya hutoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 kwa gari la petroli lisilozidi cc 1,500, na asilimia 25 au zaidi kwa lililozidi hapo. Tanzania hutoza asilimia 5 kwa injini kati ya cc 1,000 na 2,000, na asilimia 10 kwa zilizozidi. Ndiyo maana BMW 318i yenye silinda tatu na cc 1,498, pamoja na Mercedes-Benz C200 ya lita 1.5 iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2018, zinatafutwa sana.

Lakini injini ndogo inayofanya kazi ya injini kubwa haina ziada ya kupoteza, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza. Ndani ya turbo mna gurudumu linalosukumwa na moshi wa injini, moshi ambao kwenye injini ya petroli unaweza kufika nyuzi joto 900. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa shafti na gurudumu la pili linalovuta hewa safi, na yote mawili yanaweza kuzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika. Shafti hiyo huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichakaa au ikipungua, utando unakatika na chuma kinagusana na chuma. Baada ya hapo huja mlio wa filimbi, kisha moshi wa buluu, kisha ankara ya turbo mpya.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe oili ilibadilishwa lini, na mara ngapi. Kilomita zifuate baadaye.

Ushauri huu unakwenda kinyume na mazoea. Wanunuzi wetu wamezoea kuinama dirishani kusoma kilomita. Wakiona 45,000 wanafurahi. Gari la miaka tisa lenye kilomita hizo huenda liliishi kwenye safari fupi za mjini, oili ikiwa haijapata joto vya kutosha kuchemsha maji na petroli vinavyochanganyika nayo, au lilikaa kwenye foleni injini ikinguruma bila kilomita kuongezeka. Isitoshe, ratiba ya BMW barani Ulaya kwa kizazi hicho iliruhusu oili ikae hadi kilomita 30,000 au miaka miwili. Gari la kilomita 45,000 lingeweza kufuata ratiba hiyo kikamilifu na bado liwe limebadilishwa oili mara chache mno. Lenye kilomita 90,000 na rekodi ya oili mpya kila kilomita 10,000 ni bora kulinunua, hata likiwa na mikwaruzo kwenye bampa.

Rekodi hiyo ipo, na wauzaji wengi hawaitaji kwa sababu hakuna anayeiuliza. Magari ya Japani huwa na kitabu cha matengenezo, tenken seibi kirokubo, kilichoandikwa tarehe za kazi na kilomita za siku hiyo. Kijapani kisimtishe mtu, maana tarehe husomeka kwa hesabu ndogo: miaka ya enzi ya Heisei huongezwa 1988, na ya Reiwa huongezwa 2018. Heisei 28 ni mwaka 2016. Reiwa 3 ni 2021. Kitabu hicho pia ni kinga dhidi ya kilomita zilizorudishwa nyuma, kwa kuwa namba zake lazima zipande kutoka ukurasa hadi ukurasa. Karatasi ya mnada nayo ina faida yake. Alama ya R huonyesha gari lililopata ajali likatengenezwa, na 4 au 4.5 huonyesha bodi nzuri. Ila mkaguzi wa mnada hafungui injini, kwa hiyo 4.5 haisemi lolote kuhusu cheni ya taimingi.

Na cheni hiyo ndiyo iliyowaliza wengi. Injini ya N20 iliyowekwa kwenye 320i za mwanzo za F30 ina reli za plastiki zinazoongoza cheni. Reli hizo huzeeka, hupasuka, na vipande vyake huanguka kwenye sampo, ambako vinaweza kuziba njia ya oili. Cheni ikiruka, valvu hugongana na pistoni na injini inakuwa chuma chakavu. Huko Marekani wenye magari ya miaka ya 2012 hadi 2015 walifungua kesi ya pamoja, ikaishia kwa makubaliano ya kuwafidia. Kuanzia uboreshaji wa sura wa Julai 2015, BMW ilianza kuiondoa N20 kwenye 320i na kuweka B48, ambayo ni injini imara zaidi. Mwaka wa usajili pekee hautoshi kuzitenganisha, kwa sababu gari lililosajiliwa mwisho wa 2015 linaweza kuwa la upande wowote. Namba saba za mwisho za chesisi, zikiingizwa kwenye katalogi ya spea, hutoa mwezi lilipoundwa na aina ya injini. Ni kazi ya dakika chache, na asiyeifanya anacheza kamari na mamilioni.

Sheria imeuweka mtego huu mahali tofauti kwa kila nchi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo N20 haiji tena kwa meli. Iliyopo sokoni ni ile iliyokwisha kutumika nchini, mara nyingi mikononi mwa mtu wa pili au wa tatu. Tanzania inaruhusu magari ya zamani lakini huongeza ushuru wa asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Mnunuzi wa Dar es Salaam bado anaweza kuagiza 320i ya 2013, akalipa ushuru wa uzee, kisha akalipia cheni.

Audi A4 ya kizazi cha B8 ina historia nyingine. Injini zake za lita 2.0 za miaka ya 2009 hadi 2011 zilikuwa na ringi za pistoni zilizoshindwa kukwangua oili vizuri, ikawa inaungua pamoja na petroli. Dawa kamili ni kubadilisha pistoni na ringi, kazi inayofungua injini nzima. Anayeambiwa kwamba "hizi zote hula oili kidogo" aulize ni lita ngapi kwa kilomita elfu, na asipojibiwa aondoke.

Mercedes C-Class inapendwa sana Dar na Nairobi, na inastahili kutazamwa kwa makini zaidi. C-Class ya kizazi cha W204 yenye injini ya M271 ya lita 1.8 hujulikana kwa cheni inayorefuka na meno ya gia za kemshafti kulika. Dalili yake ni mkwaruzo wa sekunde chache injini ikiwashwa baridi. Oili pia hupenya kwenye plagi za umeme za sumaku za kemshafti, ikatambaa ndani ya nyaya, na ikiachwa muda mrefu inaweza kufika kwenye kompyuta ya injini. Fundi anachomoa plagi hizo kwa mkono na kuangalia kama zimelowa. W205 iliyoifuata mwaka 2014 ni hatua mbele, ingawa nayo ikaguliwe nyaya hizohizo. C200 ya lita 1.5 ya kuanzia 2018 ina mfumo wa umeme wa volti 48, na anayeishi mbali na miji mikubwa ajiulize nani ataurekebisha siku utakapogoma.

Siku ya kukagua, mnunuzi afike asubuhi na aweke kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kuisha. Ikiwa na joto, muuzaji amekwisha kuficha mlio wa cheni, na miadi ipangwe upya. Injini iwashwe boneti ikiwa wazi. Kofia ya oili ifunguliwe kutazama kama kuna tope jeusi. Baada ya dakika kadhaa za kusimama injini ikinguruma, mtu akanyage mafuta mara moja na mwingine atazame bomba la moshi. Kisha mashine ya uchunguzi ichomekwe: pamoja na makosa yaliyohifadhiwa, itazamwe kama majaribio ya ndani ya gari yamekamilika, kwa kuwa yasiyokamilika huashiria kwamba mtu alifuta makosa muda mfupi uliopita. Barabarani, fundi alinganishe shinikizo la hewa ambalo kompyuta inaomba na lile ambalo turbo inatoa. Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi, kuna mafundi wanaolifanya hili vizuri, na malipo yao ni madogo mno kulinganisha na bei ya injini.

Wapo wanaoshauri kuiacha injini ikinguruma dakika tano kila gari linapoegeshwa ili turbo ipoe. Kwa magari haya si lazima, kwa kuwa turbo zake hupozwa pia kwa maji. Kilomita ya mwisho ikiendeshwa taratibu inatosha. Kinachohitajika ni oili yenye kibali cha mtengenezaji kilichoandikwa mgongoni mwa kopo, mfano BMW Longlife-01 au MB 229.5, ibadilishwe kila kilomita 7,500 hadi 10,000. Maji ya bomba yasitiwe kwenye rejeta. Oili ya gia nayo ibadilishwe: BMW huiita ya maisha yote, wakati ZF, watengenezaji wa gia hizo za hatua nane, wanapendekeza ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000.

Safu hii ingechagua 320i yenye B48 na kitabu kilichojazwa, hata kama ni nyeupe tupu yenye viti vya kitambaa. Kwa anayeishi mbali na miji mikubwa, kama Songea au Lodwar, ushauri ni mwingine. Toyota Crown Athlete ya lita 2.0 turbo, iliyoanza Oktoba 2015, na Lexus IS 200t zinatumia injini moja ya 8AR-FTS, na gereji iliyozoea Toyota haitazishangaa. BMW nyingi za F30 hutembea na matairi ya runflat, yaani yanayoweza kutembea kwa muda hata yakiishiwa upepo, bila tairi la akiba, jambo la kulifikiria kwa uzito na mtu ambaye barabara yake ina mashimo na duka la matairi la karibu liko umbali wa saa tatu.