Kabla ya Kutoga, Fikiri Mahali

Mama mmoja wa Ngarenaro alinijia juma lililopita akiwa amesononeka. Binti yake mwenye umri wa miaka 22, mfanyakazi wa kiwanda kimojawapo cha Themi, amemwarifu kwamba anataka kutoga kipini, wala si sikioni: ama kitovuni, ama mahali pa siri zaidi ambapo ukurasa huu wa jamaa hautapataja. Mama alinitaka niandike kumkataza. Sitaandika hivyo, kwani binti ni mtu mzima. Nina neno juu ya mahali tu.

Kutoga si ugeni kwetu. Waarusha wa miteremko ya Meru na ndugu zao Wamaasai humtoga mtoto sehemu ya juu ya sikio kwanza. Ndewe hufuata baadaye, ikatanuliwa polepole kwa vijiti, kila kimoja kinene kuliko kilichotangulia. Huko Unguja, Salme binti Said alisimulia katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 kwamba mtoto wa kike alitogwa masikio akiwa na siku saba tu.

Lakini nyama za mwili si namna moja. Ndewe hupona kwa majuma sita hadi manane. Gegedu, ile sehemu ngumu ya juu ya sikio, hupata damu kidogo. Huchukua miezi sita hata mwaka, na ikiingia usaha, sikio huweza kukunjamana lisirudie umbo lake. Kitovu nacho huchukua muda kama huo, maana hukunjwa kila uketipo na husuguliwa na mkanda wa sketi. Asimamaye mashineni zamu nzima huku jasho likimtiririka na apime hayo. Mahali pa siri, ajabu, pengine hupona upesi, kwa kuwa pana damu nyingi. Ila damu hiyohiyo humwagika sana sindano ikikosea njia.

Nilimwuliza mama: kikivimba, atamwonyesha nani? Alinyamaza. Sikio likivimba, bibi huliona jikoni kabla hata mtoto hajalia. Kidonda kilichofichwa huonwa na mwenyewe peke yake, naye kwa haya husubiri mpaka homa impande. Kwa hiyo mahali ambapo huwezi kumwonyesha mganga siku hiyohiyo, usipatoge.

Sindano na iwe mpya, ifunguliwe mbele ya macho yako, kwa ajili ya UKIMWI na homa ya ini. Chanjo ya pepopunda nayo isisahauliwe. Tena, wengi wetu Waafrika tuna ngozi inayoota makovu manene yanayopita mipaka ya kidonda. Kovu la chanjo ya utotoni likiwa limetuna begani, hilo ni onyo tosha.

Mama ameahidi kumleta binti Jumapili ijayo. Nitamwomba kwanza anionyeshe bega.