Ustaarabu Uliletwa na Nani?



Jumamosi hapa Upper Marlboro tulikuwa kwenye hitma, na baada ya pilau siasa zikaanza, kama kawaida yetu. Mzee mmoja akasema pwani yetu ilikuwa pori tupu mpaka wageni walipotuletea ustaarabu kwa majahazi. Kijana mmoja akamrukia: kama ni hivyo basi Waswahili wote ni wageni, wafunge virago! Nikastaajabu. Mahasimu hawa wanakubaliana! Wote wanaamini jahazi lilikuja limejaa likaondoka tupu.

Jamani, halikuondoka tupu. Istakhri, karne ya 10, ameandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa miti iliyotoka nchi ya Zanj, yaani kwetu. Al-Idrisi, mwaka 1154, anaeleza chuma cha Sofala kilivyopelekwa India, na mafundi wa huko wakakifulia panga. Dhahabu ya bara ilipita Sofala hadi Kilwa, na hapo Sultani al-Hasan bin Sulaiman alipiga sarafu zake za shaba, maandishi ya Kiarabu yakiwa na vina upande huu na huu. Moja imepatikana Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari. Herufi zilitoka nje, sawa, lakini sarafu ni ya Kilwa. Na Ibn Battuta alipofika huko 1331 alisema wazi kwamba wengi wa wakazi wake ni watu weusi, na mji wao aliusifu.

Sisemi yote yalikuwa asali. Vyombo hivyo hivyo vilibeba watumwa pia.

Na damu je? Utafiti wa mifupa ya watu 80 wa kale, uliochapishwa na jarida la Nature mwaka 2023, umeonyesha kwamba wengi wa watu wa miji ile walikuwa na asili ya Kiafrika kwa mama, na kwa baba wengi walichanganya na Waajemi, kuanzia kama mwaka 1000 hivi. Mama alikuwa nyumbani tayari!

Kijana wangu naye aangalie ulimi wake. Hayo ya kufunga virago wazee wetu waliyasikia Zanzibar 1964, na watu walipakiwa vyomboni kweli.

Mzee, hitma ijayo nitakuuliza moja tu: ile miti ya Siraf ilikatwa na nani?