Mnyoo wa Chambo na Adabu ya Pwani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa bara na bahari. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Tumeletewa suala na mama mmoja mkaazi wa Dandora, Nairobi, ambaye asili yake ni Mambrui. Mwanawe wa miaka kumi na miwili atakwenda likizo kwa babu yake, na babu ameahidi kumfundisha kuvua kwa mshipi ufuoni, kuanzia kuchimba minyoo wa chambo. Mama ana hofu mbili: amemlea mwanawe kwa kumkataza matope, na amesikia kwamba kumtunga mnyoo hai kwenye ndoana ni kumtesa kiumbe. Je, amruhusu au amzuie?

Hofu ya kwanza ina msingi. Jaa la Dandora limekuwapo tangu miaka ya 1970, nalo limepakana na Mto Nairobi. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa uchunguzi wa watoto 328 wa maeneo hayo, na nusu yao walionekana na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Mama anayemzuia mtoto asichezee udongo wa huko anatimiza wajibu wake.

Ama matope ya mikokoni, hayo yana hukumu nyingine. Bahari huyafunika na kuyaacha mara mbili kwa siku, na mnyoo aishiye humo hutoboa vijia ambavyo maji na hewa hupita kufikia mizizi ya mikoko. Mikoko nayo ni malezi ya kamba na samaki wadogo. Matope hayo si najisi. Linalotakiwa ni kuyaondoa yaliyoganda mwilini ili maji ya udhu yafike kwenye ngozi, na kunawa kwa sabuni kabla ya kula. Mtoto aende na babu yake, wala asijitenge peke yake mdomoni mwa mto Sabaki, kwani huko wako viboko.

Kuhusu hofu ya pili, aya ya 96 ya Suratul Maida imehalalisha mavuo ya baharini, na chambo ni nyenzo ya mavuo hayo. Kumtumia mnyoo kwa haja hiyo hatuoni ubaya. Ubaya umo katika kumtesa. Hadithi ya Shaddad bin Aws iliyomo katika Sahihi Muslim inatufundisha kwamba ihsani ni wajibu katika kila jambo, hata katika kuchinja. Basi tunanasihi mnyoo auawe kwanza kwa haraka, kisha akatwe kipande na kutungwa. Chaa na changu hufuata harufu. Hawangoji kuona kiumbe akijinyonganyonga. Na mtoto anayemchoma mnyoo kwa mchezo, bila ya haja ya kuvua, akatazwe.

Kuna na adabu ya wakati. Minyoo huchimbwa maji yakitoka sana, nayo hutoka sana wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo na karibu na mwezi mpevu. Pwani yetu, siku hizo maji hufikia mwisho wa kutoka baina ya saa nne na saa tano asubuhi. Mwenye kuchimba humaliza kazi na kuiwahi adhuhuri. Kijana wa mjini aliyeisahau hesabu ya miezi ya Kiislamu ataikuta ufuoni ikitumika: tarehe saba na ishirini na mbili ni maji mafu, na jembe halina kazi.

Adabu iliyo nzito zaidi ni ya kiasi. Wako kina mama na vijana wa pwani ambao riziki yao ni kuchimba minyoo na kuwauzia wavuvi. Mgeni wa likizo akijaza ndoo kisha minyoo wakaoza juani, amewaharibia wenzake. Achukue wa kutosha mavuo ya siku ile, awaweke kifuuni pamoja na matope mabichi, kivulini, wala asiwamwagie maji ya mferejini, kwani watakufa. Asichimbe chini ya mizizi. Na kila shimo alifukie; shimo lililoachwa wazi huiacha mizizi juani na huwanyima minyoo wadogo makao.

Kwa hivyo, mama, mruhusu. Lakini kabla hajapanda basi, mwonyeshe mto ulio nyuma ya mtaa wenu. Mto Nairobi huingia Mto Athi, Athi ukaitwa Galana, Galana ukaitwa Sabaki, na Sabaki humwaga maji yake baharini baina ya Malindi na Mambrui. Taka inayotupwa mtoni Dandora imetiwa katika njia iendayo kwa babu. Sheria yetu imekataza kujidhuru na kudhuru wengine, na jirani wa mto ni kila anayekaa chini yake, hata akiwa mbali wa mamia ya kilomita. Mtoto atakayefundishwa kufukia shimo la mnyoo pwani, afundishwe pia kutotupa mfuko mtoni arudipo nyumbani.

Mwenyezi Mungu atulelee watoto wetu katika ihsani, na awape wavuvi wetu riziki ya halali. Wabillahi tawfiq.