Barabara pana isimsahau mwenye baiskeli

Kinga ni bora kuliko tiba. Sisi madaktari hupenda kuyatumia maneno haya tunapozungumzia malaria na kipindupindu. Leo naomba msomaji aniruhusu niyatumie kuizungumzia barabara.

Huku kwetu, kutoka Mtwapa hadi Malindi, hakuna gari moshi. Reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, ina kituo Mariakani, lakini safari yake ni ya bara. Mtu wa Vipingo, Kilifi mjini, Watamu au Malindi anategemea barabara moja tu. Hiyo hiyo hupita mabasi, matatu, malori, tuktuk na boda boda. Pembeni mwake hupita mwenye baiskeli aliyebeba mitungi ya maji, makuti au gunia la makaa.

Kwa hivyo kazi ya kuipanua kutoka Mombasa hadi Kilifi, kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na Umoja wa Ulaya, ni jambo la heri. Mama mwenye uchungu wa uzazi anayepelekwa Mombasa kwa rufaa hana haja ya kuelezwa ubaya wa msongamano wa magari wa Mtwapa. Siandiki kupinga barabara, bali kuuliza ni nani aliyehesabiwa ilipochorwa.

Barabara ikipanuka, mwendo huongezeka. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4. Mtu wa miguu akigongwa na gari linalokwenda kilomita 65 kwa saa, hatari yake ya kufa ni zaidi ya mara nne kuliko likiwa na mwendo wa 50. Shirika hilo hilo linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ugonjwa wowote.

Nanyi mfikirie wale wasiokufa. Mfupa wa paja ukivunjika na upasuaji usipatikane, mgonjwa huweza kulala wiki sita au zaidi, mguu umefungwa vizito. Kama ni mgema au muuza samaki, wiki hizo nyumba nzima haina riziki. Aliyeumia kichwani huenda asirudi kazini kabisa. Gharama hizi hazimo katika hesabu ya mkandarasi. Huangukia wadi zetu na jamaa wa mgonjwa.

Upo upande mwingine wa shilingi. Shinikizo la damu na kisukari sasa ni maradhi ya kila siku katika zahanati zetu. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwenye kuendesha baiskeli kutoka Mnarani, akavuka daraja hadi Kilifi mjini na kurudi kila siku ya kazi, anaipata dawa hiyo bila kulipa senti. Tukimtia hofu akaiacha baiskeli, tumemnyang'anya tiba.

Najua majirani wa barabara wana manung'uniko yao. Wenye vibanda wanaogopa kwamba njia ya baiskeli itakula mahali pao pa biashara. Wazazi wanauliza mtoto atavuka vipi kwenda shule au madrasa, na kisima kikiwa ng'ambo itakuwaje. Hofu hizi ni za haki na hazigombani na baiskeli. Muuza maembe akitengewa nafasi nyuma ya njia ya baiskeli, wateja watasimama kwake bila kukanyagwa na matatu.

Tuna mifano ya kujifunza. Barabara ya Thika ilipomalizika mwaka wa 2012, ilisifiwa kwa upana wake. Hata hivyo watu waligongwa wakivuka chini, kwa sababu mchovu mwenye mzigo hapendi kupanda ngazi wala kuzunguka mbali. Dar es Salaam nako, mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka wa 2016, barabara yao ilijengwa pamoja na njia za miguu na za baiskeli. Basi la watu wengi na baiskeli ya mtu mmoja vinaweza kugawana njia iwapo mchoraji ataamua hivyo tangu mwanzo.

Maombi yangu kwa Mamlaka ya Barabara Kuu na kwa Kaunti ni manne. Njia ya baiskeli na miguu itenganishwe na magari kwa ukingo wa zege, maana mstari wa rangi haumzuii dereva wa matatu. Kila penye shule, soko na zahanati pawe na kivuko cha chini, chenye matuta na taa. Mwendo wa kilomita 50 katika miji na vituo vya biashara, ambao ni sheria tayari, usimamiwe. Boda boda nao wazuiwe kuivamia njia hiyo.

Nasi raia tuna wajibu. Mwenye baiskeli aweke taa mbele na kiakisi mwanga nyuma, na avae nguo nyeupe usiku. Wananchi tuhudhurie mikutano ya baraza. Katiba ya 2010 inatupa haki ya kushirikishwa, na mkutano usiohudhuriwa na wenye baiskeli utaamuliwa na wenye magari. Nendeni mkaseme mapema, kwa kuwa zege likishakauka ni vigumu kulibomoa.