Lori la bei rahisi lilimwaga wapi?

Masika yalipopamba moto, shimo la choo nyumbani kwangu Kisauni lilifurika. Nilimkuta mke wangu uani na fagio mkononi, maji meusi yakitambaa kuelekea kisima cha jirani. Nikashika simu.

Lori la kwanza la kunyonya maji taka lilitaka Sh12,000. La pili Sh10,000. La tatu, nililoelekezwa na kijana wa dukani, Sh6,000. "Mzee, nakuja sasa hivi," dereva akaniambia. Nani angekataa?

Kazi haikuchukua nusu saa. Kilichonishangaza ni kwamba baada ya dakika 40 hivi lori lile lilikuwa limerudi mtaani, tupu, likielekea nyumba nyingine. Sasa wewe msomaji unaijua njia ya kutoka kwetu hadi mtambo wa kusafisha maji taka wa Kipevu. Ni kuvuka daraja la Nyali, kukata kisiwa, kupita Makupa na kupanda Changamwe, na foleni zake zote. Huendi ukamwaga ukarudi kwa dakika 40. Nilipomwuliza, dereva alicheka: "Mzee, ukitaka nifike huko, ongeza pesa ya mafuta."

Alipomwaga sikupaona. Lakini mkono wa bahari wa Tudor hauko mbali na sisi.

Tumezoea kulalamika kwamba wenye malori ni walafi. Mimi pia nililalamika. Ila ukipiga hesabu, tunacholipia zaidi si kunyonya, ni safari: dizeli na saa nzima nzima barabarani. Anayekupunguzia nusu ya bei amepunguza mahali fulani, na mara nyingi ni hapo kwenye safari. Uchafu huo haupotei. Ardhi yetu ya pwani ni mchanga na mawe ya matumbawe yenye vitundu, maji hupenya upesi, na mitaa mingi ya bara kaskazini bado tunachota visimani. Kipindupindu Mombasa si hadithi ya kale.

Sehemu kubwa ya mji haina mabomba ya maji taka. Kuyatandaza kote kutachukua miaka na mabilioni. Kituo cha kupokelea malori upande wetu wa Kisauni, na kingine Likoni, ni jambo dogo zaidi, nacho kingeshusha bei bila kumgombeza dereva yeyote. Katiba, kifungu cha 43, inatupa haki ya usafi wa mazingira ya kuishi, na huduma za maji na maji taka ni jukumu la kaunti. Bajeti ya kaunti hujadiliwa kila mwaka. Sijasikia mtu akilisimamia hili.

Kwa sasa, kichochoroni kwetu tumekubaliana nyumba nne. Hatungoji mashimo yafurike, maana ukiwa na haraka ndipo unapopandishiwa bei. Tunaita lori moja kubwa lenye leseni ya NEMA, tunauliza kwanza linabeba lita ngapi, tunachanga. Mara ya mwisho mtoto wa jirani alipanda mbele na dereva hadi Kipevu. Kila nyumba ililipa Sh4,000, kwani lori lilikwenda safari mbili za bei kidogo kuliko ya kawaida.

Mwakilishi wadi wetu tumemwandikia kuhusu kituo. Alisema atakuja mvua zikikatika. Zimekatika.